Plasta ya nje penye baridi ya kugandisha: saruji ya tabaka tatu, tabaka moja lenye nyuzi, au povu na akriliki?

Nyumba iliyo juu mlimani, ambako usiku maji huganda kwenye ndoo na mchana jua huchoma ngozi, huitesa plasta kuliko nyumba ya bondeni. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Plasta kavu haijali, kwa kuwa vitundu vyake vina nafasi. Iliyolowa mpaka ndani haina pa kuyapisha, basi huachia kaufa kasikoonekana kwa macho. Asubuhi barafu inayeyuka, maji yanaingia kwenye ufa ule, usiku yanaganda tena na kuupanua. Ndiyo maana ukuta unaopigwa na jua mara nyingi huharibika kabla ya ule ulio kivulini siku nzima: wa kivulini huganda ukabaki hivyo, wa juani huyeyuka na kuganda kila siku.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza plasta ipi ni ngumu zaidi, uliza habari za maji: yataingilia wapi, yatatokea wapi, na yatakuwa yametoka kabla ya usiku kuingia? Hapa tunalinganisha mifumo mitatu inayotumika sana kwenye nyumba za fremu ya mbao, ambako uchaguzi ni mgumu zaidi, kisha kuna maneno machache kuhusu kuta za tofali na mawe.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Cha kwanza ni njia ya maji: mfumo unayatoaje yaliyopenya, na unaruhusu kiasi gani cha mvuke kupita. Cha pili ni jinsi tabaka lenyewe linavyovumilia kuganda na kuyeyuka. Cha tatu, ambacho watu wengi hukisahau mpaka fundi anapokuwa jukwaani, ni dirisha la kazi: mfumo unahitaji siku ngapi mfululizo zenye joto la zaidi ya nyuzi 4 za selsiasi, usiku ukiwemo? Cha nne ni kugongwa, kwa maana ya mvua ya mawe, ngazi, baiskeli za watoto na ndege wanaodonoa ukuta. Cha tano ni kuhifadhi joto la ndani. Cha mwisho ni ukarabati, pamoja na aina ya fundi unayemhitaji.

Mwinuko wenyewe una lake. Kila mita 1,000 unazopanda, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10. Hewa ni kavu na upepo haukatiki. Plasta mbichi ya saruji hupoteza maji kabla haijakomaa, na kila kitu chenye plastiki ndani yake, iwe akriliki, silanti (gundi laini ya kuziba nafasi) au bodi za povu zisizofunikwa, huzeeka upesi.

1. Plasta ya saruji ya tabaka tatu

*Inavyojengwa.* Juu ya plaiwudi huwekwa karatasi mbili za kuzuia maji, kisha wavu wa chuma uliopakwa zinki wenye uzito wa takriban kilo 1.8 kwa mita ya mraba. Chagua wavu wenye vinundu vinavyouinua milimita 6 kutoka ukutani, ili plasta ipenye nyuma na kuukumbatia. Wavu ukilala bapa kwenye karatasi, plasta inashika upande mmoja tu, na upande wa nyuma unabaki chuma kitupu kinachongoja kutu. Misumari iingie kwenye nguzo za fremu, kila sentimita 18 au chini ya hapo. Iliyoishia kwenye plaiwudi pekee haihesabiki.

Tabaka la kwanza lina milimita 10, nalo hukwaruzwa kwa mistari ya mlalo likiwa bado bichi. La pili, la kusawazisha, lina milimita 10 nyingine. Hunyooshwa kwa ubao mrefu mpaka tofauti isizidi milimita 6 kwa kila mita 3, kisha husuguliwa kwa ubao wa plasta maji ya juu yakishapotea. Usuguaji huu si urembo. Ndio unaoshindilia tabaka na kufunga nafasi ambazo maji yangekaa. La mwisho ni la rangi na umbo, milimita 3. Jumla ni milimita 22 au 23, yenye uzito wa karibu kilo 45 hadi 50 kwa mita ya mraba.

Mchanganyiko mzuri kwa baridi ni saruji ndoo 1, chokaa ya unga nusu ndoo, mchanga ndoo 5. Chokaa huufanya mchanganyiko uwe mlaini chini ya mwiko na plasta ipungukiwe na nyufa. Kwa kuta za mita za mraba 150, tabaka mbili za msingi huhitaji karibu mchanga mita za ujazo 3.5 hadi 4, mifuko 20 hadi 24 ya saruji ya kilo 50, na mifuko tisa au kumi ya chokaa ya kilo 25. Mchanga uwe umeoshwa. Tia kiasi kwenye chupa ya kioo yenye maji, tikisa, iache usiku kucha. Tope lililokaa juu likizidi sehemu moja ya ishirini ya mchanga, ukatae. Tope hunywa maji mengi, na maji mengi katika mchanganyiko ndiyo vitundu vingi katika ukuta.

*Maji na mvuke.* Karatasi mbili si za kupoteza. Ya nje hushikana na plasta, hulowa na kukunjamana, kisha ikikauka huacha nafasi nyembamba kati yake na ya ndani, na humo maji hushuka hadi kwenye bati lenye matundu chini ya ukuta. Mahali penye theluji nyingi nafasi hiyo haitoshi. Ongeza mkeka wa kupitishia maji wenye unene wa milimita 5 au zaidi kati ya karatasi, au vipande vya mbao vya milimita 10 hadi 20 vilivyosimama wima. Mvuke hupita vizuri kwenye plasta hii, mradi hukuipaka rangi nzito ya mpira.

*Kuganda na kuyeyuka.* Ikitengenezwa vizuri na kukaa kavu, huvumilia miongo. Kuna kiungo kinachosaidia sana, cha kuingiza hewa: hutengeneza viputo vidogo mno ambamo barafu hupata pa kutanukia. Pima kama mtengenezaji anavyoelekeza na usizidishe, kwani hewa nyingi hudhoofisha plasta na mshiko wake.

*Dirisha la kazi.* Hapa ndipo mfumo huu unapowashinda wengi. Tabaka la kwanza hutunzwa likiwa na unyevu kwa saa 48, la pili vivyo hivyo, kisha hungoja siku 7 hivi kabla ya tabaka la mwisho. Ukiongeza kuweka wavu, una wiki mbili na nusu hadi tatu ambazo ukuta haupaswi kuganda hata usiku mmoja. Kwenye hewa kavu ya juu, kumwagilia mara moja kwa siku hakutoshi. Nyunyizia umande mwepesi asubuhi, adhuhuri na alasiri, na ufunike kwa turubai penye upepo.

*Yanayoharibika.* Nyufa za kukauka ndizo kawaida. Gawa ukuta kwa viungo vya kudhibiti nyufa: kila kipande kisizidi mita za mraba 13, upande wowote usizidi mita 5.5, na urefu usizidi mara mbili na nusu ya upana. Wavu ukatwe kwenye kiungo na kufungwa kila upande. Mafundi wengi huupitisha nyuma moja kwa moja, na hapo kiungo kinakuwa pambo tu. Ufa utajichagulia pengine. Karatasi ya nyuma yenyewe isikatwe.

*Kugongwa, joto na ukarabati.* Kwa kugongwa haina mpinzani kati ya hizi tatu. Kwa joto haisaidii lolote; kinga yote itoke ndani ya fremu au kwenye bodi utakayoiweka nyuma. Ukarabati ni rahisi kwa mwashi yeyote stadi, ila kiraka cha rangi ya saruji hakifanani na ukuta wa zamani, hivyo panga kupaka upande mzima.

*Inamfaa nani.* Mwenye msimu mrefu usio na baridi, mwenye upenu mpana, mwenye nyumba inayopigwa na mvua ya mawe, na mwenye fremu iliyotayarishwa kubeba uzito huo.

2. Tabaka moja lenye nyuzi

*Inavyojengwa.* Jina linapotosha: tabaka ni mbili, la msingi na la mwisho. La msingi lina milimita 10 hadi 13, na saruji yake huja kwenye mifuko ikiwa imechanganywa na nyuzi fupi na viungo vingine kiwandani. Kuna mifuko iliyokamilika na mingine inayoongezewa mchanga eneo la kazi. Mara nyingi hupigwa juu ya bodi za povu la polistaireni za milimita 25 zenye ulimi na mfereji, juu yake wavu wa waya wa matundu ya pembe sita ya milimita 25, mfano wa waya wa kuku lakini mzito zaidi. Nyuma ya povu hukaa karatasi ya kuzuia maji.

Pini za wavu lazima zipite povu na kuzama angalau milimita 25 kwenye nguzo. Zikigongwa kwa nguvu mno huzamisha povu, ukuta unakuwa na mabonde. Zikilegea, wavu unacheza na plasta inapasuka wiki ya kwanza.

*Maji na mvuke.* Ukuta huu una tabaka jembamba, hivyo hulowa upesi na hukauka upesi. Shida ni njia ya kushukia. Kama povu ni laini mgongoni na limebana karatasi, maji hukwama. Nunua povu lenye mifereji nyuma yake, au weka mkeka wa kupitishia maji. Mahali pa baridi kali, hili tunalihesabu kuwa la lazima, ingawa fundi anaweza kukwambia kwingine halifanyiki.

*Kuganda na kuyeyuka.* Nyuzi hupunguza nyufa za kukauka, na hilo ni faida ya kweli. Lakini milimita 10 hazina akiba. Fundi akipunguza mpaka 6 au 7 mahali fulani, wavu unakaribia uso, maji yanaufikia, na baada ya misimu kadhaa unaona ramani ya mistari ya kutu yenye umbo la matundu ya waya. Pima unene kwa msumari kila mita chache kabla plasta haijakauka. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, na hakuna kipimo kingine kitakachokuambia ukweli baadaye bila kutoboa ukuta.

*Dirisha la kazi.* Nusu ya lile la tabaka tatu. Msingi hupigwa kwa siku moja, hutunzwa na unyevu kwa saa 48, kisha hungojwa kwa muda uliotajwa na mtengenezaji kabla ya tabaka la mwisho. Siku nane hadi kumi zinatosha kwa nyumba ya kawaida.

*Yanayoharibika.* Nyufa zilizonyooka kama rula, zikifuata viungo vya bodi za povu, ni dalili kwamba bodi hazikubanana au zilipangwa viungo vikalingana. Mchanganyiko ulioongezewa maji baada ya saa moja ili "ulainike" hupoteza nguvu. Mwaga, changanya mwingine. Na povu lililokaa juani wiki kadhaa kabla ya kufunikwa huota unga wa manjano ambao plasta haiushiki. Lipigwe msasa kwanza.

*Kugongwa, joto na ukarabati.* Huvumilia mgongano wa kawaida, ila juu ya povu, ngazi nzito huacha tobo. Povu la milimita 25 huongeza kinga ya joto ya karibu 0.7 kwa kipimo cha mita mraba kelvini kwa wati, tena bila kukatizwa na nguzo. Kiraka ni rahisi ukiwa na mfuko wa aina ile ile.

*Inamfaa nani.* Mwenye msimu mfupi anayetaka bado uso wa saruji, na fremu isiyotakiwa kubebeshwa mzigo. Uzito wake ni kati ya nusu na theluthi mbili ya plasta nene. Sharti moja: mfumo wote, mfuko, wavu, povu na vipande vya pembeni, utoke katika orodha ya mtengenezaji mmoja. Kila mfumo wa namna hii umejaribiwa kama kifurushi, na ukichanganya, majaribio hayo hayakuhusu tena.

3. Povu nene na ngozi ya akriliki

*Inavyojengwa.* Plaiwudi hupakwa utando wa kuzuia maji, wenye kanda kwenye viungo. Gundi hupakwa nyuma ya bodi za polistaireni kwa mistari ya wima, ili nafasi kati ya mistari iwe mifereji. Mistari ya mlalo ni kosa kubwa, kwa kuwa kila mstari unageuka bwawa. Bodi hupangwa kama tofali, viungo vikipishana, na kwenye pembe za madirisha bodi nzima hukatwa umbo la L. Kiungo kisikutane na pembe ya dirisha kamwe. Nafasi yoyote kati ya bodi hujazwa kwa kipande cha povu. Ukiijaza kwa gundi unatengeneza daraja la baridi, yaani njia ya joto kutorokea nje, na ufa wa kesho.

Uso wote huparuzwa uwe bapa. Kisha hupakwa tabaka la msingi, wavu wa nyuzi za kioo hukandamizwa ndani yake ukipishana angalau milimita 65, na tabaka jingine jembamba hupakwa mpaka rangi ya wavu isionekane. Unene ukiisha kukauka ni milimita 1.6 kwa uchache; penye kuganda kwingi, enda hadi 2.4 kwa mikono miwili. Kwenye kila pembe ya dirisha ongeza kipande cha wavu kilicholala mshazari, kama sentimita 24 kwa 30. Mwisho ni akriliki ya rangi yenye chembe za mchanga.

*Maji na mvuke.* Huu ndio mfumo usiosamehe makosa. Mifumo ya zamani isiyo na mifereji, iliyotegemea uso pekee kuzuia maji, iliozesha plaiwudi ya nyumba nyingi za mbao huko Marekani katika miaka ya 1990, na Wilmington, North Carolina ndipo tatizo lilipojulikana zaidi. Maji hayakupita katikati ya ukuta. Yaliingia kandokando ya madirisha na mwisho wa paa, yakakosa pa kutokea. Kwenye nyumba ya mbao, kubali mfumo wenye mifereji tu.

Silanti kuzunguka madirisha ina kanuni zake. Acha nafasi ya milimita 20, weka kamba ya povu nyuma, na silanti ishike kwenye tabaka la msingi, isishike kwenye akriliki ya rangi. Akriliki ikilowa hulainika, silanti ikajibandua nayo. Kosa hili dogo ndilo linalofungua mlango wa maji mara nyingi.

*Kuganda na kuyeyuka.* Ngozi yake hunyumbuka, na povu huituliza fremu isipatwe na mabadiliko ya joto. Plaiwudi hukaa upande wenye joto, hivyo mvuke wa ndani haugandi juu yake. Kwa kigezo hiki peke yake, povu la milimita 75 au 100 ndilo linalolinda mbao za nyumba vizuri zaidi katika majira ya barafu.

*Dirisha la kazi.* Hakuna kumwagilia. Gundi saa 24, msingi saa 24, akriliki saa 24, kila moja ikitaka zaidi ya nyuzi 4 mchana na usiku. Siku sita hadi nane zinatosha. Akriliki iliyoganda ndani ya ndoo kabla ya kutumika haifai tena, hata ikionekana sawa baada ya kuyeyuka.

*Kugongwa.* Hapa ndipo penye udhaifu. Wavu wa kawaida, wa karibu gramu 150 kwa mita ya mraba, hutobolewa na mpira uliopigwa kwa nguvu, na mvua kubwa ya mawe huuacha na vishimo. Weka wavu mzito wa gramu 500 au zaidi chini ya wa kawaida, kutoka chini hadi mita 2, na ukuta mzima upande unaokabili dhoruba. Ndege aina ya gogota nao huudhani ukuta huu mti wenye uwazi: hutoboa povu wakajenga kiota. Ziba tobo siku ile ile, kwa povu na wavu, kwa sababu hurudi.

*Joto na rangi.* Milimita 100 za povu hutoa kinga ya karibu 2.8 kwa kipimo kile kile. Epuka rangi za giza. Jua la mwinuko hupasha uso mweusi mpaka povu likalegea.

*Ukarabati na fundi.* Kiraka ni rahisi, fundi ni adimu. Mwashi aliyezoea saruji atakosea mistari ya gundi na silanti kama hajafunzwa mfumo huu.

*Inamfaa nani.* Mwenye msimu mfupi sana, mwenye gharama kubwa ya kupasha nyumba joto, na mwenye fundi aliyefunzwa. Kumbuka pia kwamba polistaireni huwaka. Mahali penye hatari ya moto wa msituni, uliza bodi za sufu ya mawe badala yake, zinazofungwa kwa skrubu na kupakwa ngozi ile ile.

| | Tabaka tatu | Tabaka moja | Povu na akriliki |
|---|---|---|---|
| Unene wa plasta | mm 22–23 | mm 13–16 | mm 3–5 |
| Siku bila kuganda | 17–21 | 8–10 | 6–8 |
| Kumwagilia | lazima | lazima | hapana |
| Kinga ya joto | karibu hakuna | ndogo, penye povu | kubwa |
| Mvua ya mawe | bora | wastani | dhaifu bila wavu mzito |
| Udhaifu mkuu | nyufa, muda | unene usiolingana | kingo na silanti |

Mahali plasta inapokufa, iwe ya aina gani

Angalia nyumba yoyote ya milimani yenye plasta iliyobanduka, na utaona uharibifu umejikusanya sehemu chache zile zile. Ya kwanza ni pale ukingo wa paa la chini unapoishia katikati ya ukuta wa juu. Maji yote ya upande ule hutiririka hadi hapo na kupenya nyuma ya plasta. Dawa ni bati lililokunjwa, linaloyasukuma maji nje hadi kwenye mfereji wa paa. Ni kipande kidogo kama kiganja, huwekwa kabla ya plasta, na hakiwezekani kuongezwa baadaye bila kubomoa.

Ya pili ni chini ya madirisha. Theluji hukaa kwenye kizingiti, mchana huyeyuka, usiku huganda. Kizingiti kiwe na mteremko wa kuelekea nje, kitokeze mbele ya plasta milimita 25 hadi 40, na kiwe na mfereji wa kudondoshea maji upande wa chini. Chini ya dirisha lenyewe liwepo bakuli la bati lenye ncha zilizokunjwa juu.

Ya tatu ni mguu wa ukuta. Kanuni za kawaida hutaka plasta ya saruji iishie angalau sentimita 10 juu ya udongo au 5 juu ya sakafu ngumu, na mfumo wa povu sentimita 20. Vipimo hivyo havikufikiria rundo la theluji linaloegemea ukuta miezi mitatu. Kwa maoni yetu, sentimita 60 hadi 90 za chini zivalishwe jiwe, bati au bodi za saruji, na plasta ianzie juu yake. Vivyo hivyo pale baraza linapokutana na ukuta, na popote panapomwagwa chumvi ya kuyeyushia barafu.

Kuhusu rangi: usifunike plasta ya saruji kwa rangi ya mpira ili kuziba nyufa. Maji yakishaingia kwa nyuma hayatoki, na mwaka unaofuata plasta inabanduka kama maganda ikiwa na rangi yake. Tumia rangi ya madini au ya silikoni, inayopitisha mvuke.

Kupiga plasta baridi inapokaribia

Pima joto la ukuta wenyewe, usitegemee la hewa. Ukuta ulioganda usiku hubaki baridi hadi karibu adhuhuri, hata hewa ikiwa nyuzi 10. Usipige juu ya kitu kilichoganda, usitumie mchanga wenye mabonge ya barafu, na usikubali kiharakishi (dawa ya kuharakisha saruji kukaza) chenye kloridi ya kalsiamu, kwani hula wavu wa chuma. Maji ya vuguvugu yanaruhusiwa. Mchana wa jua, fuata kivuli: anza upande ambao jua limeshaupa kisogo.

Ukijenga hema la turubai na kuweka tanuri, moshi utoke nje. Tanuri la gesi lisilo na bomba hujaza hema kwa kabonidayoksaidi, ambayo huungana na saruji mbichi na kuacha uso wa unga. Na kumbuka hewa ni nyepesi huko juu: tanuri hupoteza karibu asilimia 4 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo kipimo kilichoandikwa kwenye kibati chake si kile utakachopata.

Plasta iliyoganda ikiwa mbichi mara nyingi huonyesha alama kama majani ya kangaga usoni. Ikwaruze kwa ufunguo. Ikimong'onyoka, haiponi kwa kumwagiliwa wala kufunikwa na tabaka jingine, ibomolewe.

Kwa kuta za tofali na mawe

Tofali za saruji hazihitaji wavu. Lowesha kidogo, rushia uji mzito wa saruji na mchanga upate uso wa kukwaruza, kisha tabaka mbili za jumla ya milimita 13 hadi 16. Au weka mfumo wa povu moja kwa moja, ambao kwenye tofali una hatari ndogo kuliko kwenye mbao.

Kuta za zamani za mawe au udongo ni habari nyingine. Saruji ngumu huzuia unyevu wake kutoka, na barafu hulimega jiwe nyuma ya plasta. Hapo tumia chokaa, huku ukijua kwamba huchukua wiki nyingi, na chokaa safi huchukua miezi, kabla ya kuweza kukabili baridi ya kugandisha. Kazi iishe katikati ya kiangazi.

Uchague nini, kwa hali yako

Una wiki tatu au zaidi za usalama na upenu wa sentimita 60, na mvua ya mawe ni jambo la kila mwaka: tabaka tatu, na mkeka wa kupitishia maji nyuma yake.

Umechelewa, umebakiwa na siku kumi hivi: tabaka moja, ikiwa mtengenezaji anaukubali mfumo wake kwenye baridi ya kwako na ikiwa utasimamia unene mwenyewe. Ikiwa siku zenyewe hazina uhakika, funika nyumba kwa utando wa kuzuia maji unaovumilia jua miezi kadhaa, weka madirisha na mabati yote, na ungoje msimu ujao.

Nyumba ni ya zamani, inavuja joto, na unataka kuivalisha bila kugusa vyumba vya ndani: povu na akriliki, lakini kagua plaiwudi kwanza. Toboa chini ya pembe za madirisha na upime unyevu. Ukizidi asilimia 20 tafuta chanzo kabla ya kufunika chochote.

Nyumba haina upenu kabisa, kuta zake zinapigwa na mvua na theluji moja kwa moja: kabla ya kuchagua kati ya hizi tatu, ongeza upenu au acha nafasi ya hewa ya milimita 20 nyuma ya plasta. Usipoweza lolote kati ya hayo, vaa upande unaopigwa zaidi kwa bati au mbao, na plasta uiweke kwenye kuta zilizokingwa.

Fundi uliyempata anajua saruji tu: mpe saruji. Mwombe akuonyeshe ukuta wa milimani alioupiga miaka mitano iliyopita, nenda asubuhi ya baridi baada ya theluji, na utazame chini ya madirisha na kwenye mguu wa ukuta.